Kuhiji Kashi msimu wa sikukuu: namna ya kupanga safari kutoka Afrika Mashariki

Mji ni mmoja, majina ni matatu. Mcha Mungu huuita Kashi, mwenyeji huuita Banaras, na kwenye tiketi utasoma Varanasi. Uko jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini mwa India, ukingo wa magharibi wa mto Ganga, mahali ambapo mto umejipinda ukaelekea kaskazini. Kwa hiyo anayeoga alfajiri huliona jua likichomoza mbele yake, ng'ambo ya maji. Toka Assi upande wa kusini hadi Adi Keshav upande wa kaskazini kuna ghati zipatazo 84, yaani ngazi za mawe zinazoteremka hadi mtoni, na nyuma yake vichochoro ambavyo bajaji haipenyi.

Nimewaandikia hasa wale wanaobebeshwa kazi ya kupanga: mjukuu wa Upanga, mkwe wa Parklands, kijana wa Kampala aliyeambiwa na familia kwamba yeye ndiye anayejua mambo ya mtandao, basi ampeleke bibi Kashi. Asiye Mhindu anayeandamana na rafiki atafaidika pia. Wengi huanza na ndege kwa sababu ndiyo inayokula hela nyingi. Mimi naianza safari hii na watu wenyewe, kisha kalenda, kisha kitanda. Ndege ikija baada ya hapo haitakusumbua.

Hatua ya 1: Linganisha sikukuu na watu ulio nao

Kaa na mzee umuulize anataka nini hasa. Yuko anayetaka kuoga Ganga tu. Yuko anayetaka darshan ya Vishwanath, yaani kusimama mbele ya Shiva, aione linga, jiwe linalomwakilisha mungu huyo, na yeye aonwe nayo. Yuko mwenye majivu ya marehemu mumewe kabatini. Na yuko aliyeona taa za Dev Deepawali, sikukuu ya taa za ghatini, kwenye simu ya jirani. Hao wanne hawahitaji tarehe moja, na ukiwachanganya utamchosha kila mtu.

Mahashivaratri huangukia Februari au Machi, na kwa Kashi ndiyo usiku mkubwa wa mwaka, kwa kuwa mji wenyewe unahesabiwa kuwa wa Shiva. Hali ya hewa ni nzuri, maandamano ya harusi ya Shiva yanapita mitaani na ngoma, watu wamejipaka majivu na kujivika sura za mizimu. Hekalu la Kashi Vishwanath halifungwi usiku huo. Lakini foleni ni ya saa nyingi, na ukifika mbele unasukumwa upite. Anayetaka kutulia mbele ya linga asifanye darshan yake siku hiyo. Aje mapema, afanye wiki moja kabla, kisha usiku wenyewe atazame maandamano.

Holi huja muda mfupi baada ya Shivaratri. Asubuhi ya rangi mji hauna adabu, bangi hunywewa hadharani ndani ya maziwa, na wanawake wengi hukaa ndani hadi mchana. Vijana wataifurahia. Bibi mwache Dar.

Sawan, mwezi wa mvua wa Julai na Agosti, ndio mtego mkubwa kwa sababu kila kitabu kitakuambia ni mwezi mtukufu wa Shiva. Ni kweli, na kila Jumatatu mahujaji waliovaa rangi ya machungwa hufika kwa maelfu wakiwa na mitungi ya maji ya Ganga mabegani. Ila mto nao hufurika. Ngazi za chini humezwa, huwezi kutembea toka ghati moja hadi nyingine kwa kufuata maji, mashua hupigwa marufuku mto ukizidi, na aarti ya jioni, yaani ibada ya kuutolea mto taa, huhamishiwa juu ya mapaa. Mwenye magoti mabovu hana cha kufuata huko msimu huo.

Septemba na Oktoba kuna kitu ambacho watalii hukiruka, nami ningekiweka juu ya vingi: Ramlila ya Ramnagar, mji mdogo ulio ng'ambo ya mto penye ngome ya Maharaja wa Kashi. Hadithi ya Rama huigizwa kwa siku 31 mfululizo. Hakuna jukwaa moja. Ayodhya iko sehemu hii, Lanka iko sehemu ile, na watazamaji wanahama kwa miguu wakiwafuata waigizaji, wakiwa na vitabu vyao mkononi wakisoma pamoja. Hakuna vipaza sauti wala taa za umeme, ni mienge na karabai. UNESCO iliingiza Ramlila kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008. Kwa Mhindu aliyelelewa Mombasa akisimuliwa Ramayana na nyanya yake, jioni mbili tatu hapo zinatosha kuwa hija. Siku nyingi umati ni wa kuvumilika, na wazee wa pale huja na mikeka yao. Siku ya kuuawa Ravana, adui wa Rama, iepuke, labda uwe na mwenyeji wa kukushika mkono. Tena siku inayofuata Dussehra, sikukuu ya ushindi wa Rama, mjini kwenyewe kwenye uwanja wa Nati Imli, kuna Bharat Milap: Rama anakutana na ndugu yake Bharat jua likizama. Tukio lenyewe ni la dakika chache, lakini watu hujaa hadi kwenye mapaa tangu mchana.

Halafu kuna siku kama 17 ambazo, kwa mtu mwenye likizo moja tu, ndizo ninazompangia mara nyingi: toka Dhanteras, siku mbili kabla ya Diwali, hadi mwezi mpevu wa Kartik, mmoja wa miezi ya kalenda ya Kihindu. Mvua zimekwisha, joto limepoa, mto umerudi mahali pake ingawa ngazi za chini bado zina matope yanayooshwa kwa mipira ya maji. Siku ya Dhanteras hekalu la Annapurna, hatua chache toka Vishwanath, hufungua chumba cha sanamu ya dhahabu ambayo mwaka mzima haionekani, na waumini hupewa sarafu wakaiweke nyumbani pamoja na fedha zao. Inafungwa tena siku chache baadaye. Baada ya Diwali, pale Tulsi Ghat, kuna Nag Nathaiya: mtoto aliyevikwa kama Krishna anajirusha mtoni toka tawi la mti na kuibuka juu ya kichwa cha nyoka Kaliya. Takriban siku 6 baada ya Diwali ni Chhath, ambapo wanawake waliofunga bila maji husimama mtoni wakilitolea jua linalozama sadaka, kisha wanarudi alfajiri kulingoja lichomoze. Ukiwa na siku moja tu ya kuamka mapema, iamkie hiyo. Mwisho ni Dev Deepawali, usiku wa mwezi mpevu, ghati zote zikiwa zimepangwa taa za udongo toka juu hadi kwenye maji. Tutarudi kwake.

Desemba na Januari ukungu huchelewesha treni na ndege, na asubuhi baridi hushuka hata chini ya nyuzi 10, jambo ambalo mtu wa pwani halitegemei kabisa anapofikiria India. Makar Sankranti, tarehe 14 au 15 Januari, ni siku kubwa ya kuoga. Angalia pia kama Prayagraj, mji ulio umbali wa kilomita 120 hivi, una Kumbh, mkusanyiko mkubwa wa mahujaji wa kuoga, mwaka huo. Kumbh ya mwaka 2025, toka 13 Januari hadi 26 Februari, ilifurika hadi Varanasi, maana mahujaji wengi waliunganisha miji yote miwili.

Hatua ya 2: Tarehe iwe ya Banaras

Msomaji aliyezoea Idi anajua kwamba kalenda ya mwezi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ya Kihindu nayo hurudi nyuma, ila kila baada ya miezi 32 au 33 huongezwa mwezi mzima ili sikukuu zisitoke kwenye majira yake. Ndiyo maana Diwali ya 2025 ilikuwa 20 Oktoba na ya 2026 imeruka hadi 8 Novemba: mwaka 2026 una mwezi wa ziada wa Jyeshtha, toka 17 Mei hadi 15 Juni. Dev Deepawali nayo ilikuwa 5 Novemba 2025, na 2026 ni 24 Novemba. Usichukue tarehe ya mwaka jana ukapunguza siku 11.

Kuna jambo la pili ambalo linawahusu hasa Wahindu wa huku kwetu, kwa sababu wengi asili yao ni Gujarat na Kutch. Kalenda ya Kigujarati ukutani mwako humaliza mwezi usiku wa giza. Kalenda ya Banaras humaliza mwezi kwenye mwezi mpevu. Matokeo yake Shravan ya bibi na Sawan ya Kashi zinapishana kwa nusu mwezi. Mwaka 2025 Sawan ya Kashi ilianza 11 Julai. Shravan ya Kigujarati ilianza 25 Julai. Mwaka 2026 ni 30 Julai na 13 Agosti. Familia ikifika na Shravan yake mkononi, itakuta Jumatatu mbili za kwanza zimepita. Sikukuu zenyewe kama Janmashtami na Shivaratri huangukia siku ileile kote, ila jina la mwezi hutofautiana, na hilo linawachanganya watu kwenye simu: mmoja anasema Magh, mwenzake Phalgun, kumbe wanazungumzia usiku mmoja.

La tatu ni kwamba siku ya mwezi, yaani tithi, huanza na kuisha saa yoyote, hata mchana katikati. Kila sikukuu ina saa yake inayohesabiwa: Shivaratri hutazamwa usiku wa manane, Dev Deepawali hutazamwa jioni. India iko saa mbili na nusu mbele yetu, na jua lao halichomozi saa yetu, kwa hiyo kalenda iliyopigwa kwa Nairobi inaweza kutoa siku tofauti na ya Varanasi. Hata ndani ya India hawaafikiani kila mara. Mwaka 2024 wanazuoni wa Kashi walisema Diwali ni 31 Oktoba, na sehemu nyingine zikasherehekea 1 Novemba. Kupatwa kwa mwezi pia huvuruga: mwaka 2022 mwezi ulipatwa tarehe 8 Novemba, basi Dev Deepawali ikasogezwa hadi tarehe 7.

Kwa vitendo: tafuta kalenda ya kidini iliyopigwa kwa Varanasi (Chuo Kikuu cha Banaras Hindu, BHU, hutoa yake iitwayo Vishwa Panchang), kisha mpigie mwenye nyumba ya wageni umuulize mji unasherehekea lini. Ukishapata jibu, fika siku 3 au 4 kabla na uondoke siku 2 baada. Siku hizo za pembeni ndizo zinazookoa safari tarehe ikisogea.

Hatua ya 3: Kitanda kabla ya tiketi

Vyumba vinavyotazama mto kwa Dev Deepawali huisha miezi kadhaa mapema na bei hupanda mara kadhaa. Mahali pa kulala pa siku za kawaida na pa siku ya sikukuu si lazima pafanane, kwa sababu ikifika sikukuu polisi huzuia magari kuingia eneo la kati, na hoteli nzuri karibu na stesheni ya Cantt inageuka kuwa mwendo wa kilomita kadhaa kwa miguu ndani ya umati. Nyumba iliyo Dashashwamedh inakuweka katikati ya kila kitu, pamoja na kelele na kukanyagana. Kwa wazee nachagua Assi, au kati ya Assi na Kedar Ghat. Gari hufika karibu, mto uko pale, na hospitali kubwa ya Sir Sunderlal iko ndani ya BHU, si mbali. Muulize mwenye nyumba maswali mawili: ngazi ni ngapi toka barabarani hadi chumbani, na gari hukomea wapi. Akijibu "karibu tu", mwambie akutumie video.

Dharamshala, yaani nyumba za mahujaji za jumuiya na mashirika ya dini, ni nafuu na chakula chake kinafaa. Lakini kila anayelaza mgeni mwenye pasipoti ya nje anatakiwa kupeleka taarifa zake serikalini ndani ya saa 24, na dharamshala nyingi hazitaki usumbufu huo. Sura ya Kigujarati na jina la Kigujarati havitakusaidia mapokezini ukitoa pasipoti ya Tanzania. Pata kibali chao kwa maandishi kabla hujaondoka, na kiwe kinataja kwamba wanajua una pasipoti ya nje.

Hatua ya 4: Karatasi

Viza ya mtandaoni hupatikana kwa raia wa Kenya, Tanzania na Uganda, na uwanja wa Varanasi wenyewe ni miongoni mwa milango inayoikubali. Tumia tovuti ya serikali ya India tu, maana zimejaa zinazofanana nayo zinazotoza mara mbili. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele. Wenye kadi ya OCI, ile ya watu wa asili ya India, hawahitaji viza.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikichezee. India hukidai kwa wanaotoka au kupita nchi kama Kenya, Uganda na Congo, na chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Asiye nacho anaweza kuzuiliwa karantini hadi siku 6, yaani sikukuu nzima. Mtanzania anayebadilishia ndege Nairobi au Entebbe akibebe vilevile.

Chukua bima ya safari inayokubali umri wa mzee. Wapo Wahindu wanaoamini kwamba anayefia Kashi hazaliwi tena, na bibi anaweza kukuambia kwa utulivu kabisa kwamba yeye bima haimhusu. Mlipie.

Ukibeba majivu, anza wiki kadhaa kabla: cheti cha kifo, cheti cha kuchomwa kwa mwili, na barua toka ubalozi wa India. Liarifu shirika la ndege. Chombo kiwe cha mbao au plastiki, kwa kuwa mashine ya ukaguzi haioni ndani ya chuma, na kikae kwenye begi la mkononi pamoja na karatasi zake.

Hatua ya 5: Njia

Kwa ndege utaingilia Mumbai au Delhi. Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe zote zina ndege za moja kwa moja hadi Mumbai. Toka hapo kuna ndege za ndani hadi uwanja wa Lal Bahadur Shastri, ulioko Babatpur, kilomita 25 hivi toka mjini. Toka Delhi treni ya Vande Bharat huchukua kama saa 8, na mzee hukaa vizuri kuliko kwenye ndege. Tangu Novemba 2024 tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na za msimu wa Diwali na Chhath huisha siku hiyohiyo, kwa sababu nusu ya kaskazini ya India inarudi kwao.

Angalia jina la stesheni. Varanasi Junction ndiyo Cantt. Banaras ni stesheni nyingine, zamani Manduadih. Pt. Deen Dayal Upadhyay Junction, ambayo madereva bado wanaiita Mughalsarai, iko ng'ambo ya mto, na siku ya sikukuu daraja hujaa. Na saa za kwenye tiketi ni za Kizungu za mfumo wa 24. Ukiwaandikia wazee ratiba, wageuzie kwa saa zetu, la sivyo atakayesoma 03:00 atakaa tayari saa tatu asubuhi.

Hatua ya 6: Darshan imalizike kabla ya sikukuu

Siku ya kwanza wapumzike, jioni waone aarti ya Dashashwamedh toka kwenye mashua, si toka kwenye ngazi. Huanza baada ya jua kuzama, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kulingana na msimu. Asubuhi inayofuata nenda Vishwanath.

Hekalu lililopo lilijengwa na malkia Ahilyabai Holkar wa Indore mwaka 1780, na dhahabu ya juu yake ilitolewa na Ranjit Singh wa Punjab. Tangu 13 Desemba 2021 kuna ua mpana unaoliunganisha na mto, kwa hiyo anayekuja kwa mashua anaweza kuingilia upande wa Ganga badala ya vichochoro. Simu, begi, kamera na saa za kisasa haviingii. Makabati yapo, ila wenye maduka ya njiani watakuambia dukani kwao ndiko pa kuacha, kisha wakuuzie kikapu cha maua na maziwa kwa bei wanayotaka. Beba pasipoti halisi. Nakala huwa haiwatoshi. Kuna tiketi rasmi ya kupunguza foleni, lakini siku kubwa husitishwa. Anayeweza kuamka akate ya Mangala aarti, saa tisa hadi saa kumi usiku, kwenye tovuti ya hekalu, mapema. Hiyo ndiyo saa pekee ambapo nimeona wazee wanatoka mle ndani bila kulalamika.

Kuna desturi ya kupita kwanza kwa Kal Bhairav, mlinzi wa mji, kuomba ruhusa. Wazee wataijua. Wakitaka zaidi, kuna ziara ya ghati tano (Assi, Dashashwamedh, Adi Keshav, Panchganga na Manikarnika), ambayo kwa mashua humalizika asubuhi moja. Panchkroshi, mzunguko wa kilomita 80 hivi kuuzunguka mji mtakatifu, hutembewa kwa siku 5 na wenye nguvu. Wengine huuzunguka kwa gari na hakuna anayewacheka.

Kuoga mtoni: Assi ina mteremko wa taratibu, na Namo Ghat upande wa kaskazini ina njia za viti vya magurudumu. Kwingine ngazi ni ndefu, zinateleza na hazina pa kushika. Mzee aoge karibu na minyororo au kwenye vizuizi, afumbe mdomo, na maji yasimezwe hata kama kuhani anasema ni baraka.

Kuhani mwenyewe, patana naye kabla ya kukaa chini. Ukishashika maji kiganjani, anakuongoza kutaja jina lako, ukoo wako na mahali ulipotoka, kisha anakuuliza katikati ya nia hiyo utatoa rupia ngapi kwa ajili ya wazazi wako. Hapo hakuna mtoto anayeweza kutaja kiasi kidogo. Sema kiasi mapema, mbele ya shahidi, na akikuuliza tena rudia kilekile.

Hatua ya 7: Usiku wa Dev Deepawali

Kuna namna tatu za kuutazama. Mashua ndiyo inayotangazwa zaidi, na mto ukijaa mashua zinabanana hadi hazisogei, moshi wa dizeli unakujaa kifuani, na mzee akitaka haja hakuna pa kushukia. Kutembea ghatini ndiko kwenye uhai zaidi, lakini ni kwa wenye miguu na uzito wa kusimama imara. Paa la nyumba inayotazama mto ndilo chaguo langu kwa familia. Lilipie pamoja na chumba, uulize kama wageni wa nje nao watauziwa nafasi juu hapo.

Saa nane mchana muwe mmeshafika mtakapokaa, na maji, dawa, shali na chakula. Andika namba ya mwenye nyumba kwenye karatasi mfukoni mwa kila mmoja, kwa sababu mtandao wa simu huelemewa. Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana, pawe mbali na mto: lango la nyumba, si "pale penye taa". Taa huwashwa giza likiingia. Watakaotaka kuwasha zao wafanye hivyo kwenye ngazi za nyumba yao, na wenye dupatta (mitandio) na sari ndefu wazifunge kiunoni. Baada ya hapo hakuna haraka. Umati hupungua usiku ukiingia, na taa nyingi bado zinawaka.

Hatua ya 8: Kwa wenye majivu

Usiyachanganye na sikukuu. Siku ya kawaida, asubuhi, mashua moja na kuhani mmoja, mnakwenda hadi katikati ya mto na shughuli huisha chini ya saa moja. Wanaotaka kuwatolea wahenga wao kwa ukamilifu hufuata miji mitatu, Prayag (ndiyo Prayagraj), Kashi na Gaya, na Gaya iko Bihar, kilomita 250 hivi toka Varanasi. Nusu mwezi ya wafu, Pitru Paksha, mwaka 2026 ni toka 26 Septemba hadi 10 Oktoba. Gaya hujaa sana wakati huo.

Manikarnika na Harishchandra ni ghati za kuchomea maiti, usiku na mchana. Pita kimya, usipige picha hata toka mbali. Atakayekufuata akisema anakusanya fedha za kuni za maskini, mshukuru uendelee na njia.

Hela na kurudi

Wahindi hulipa kwa kuskani UPI, mfumo wao wa malipo ya simu, kila mahali, hata kwa muuza chai, kama sisi na M-Pesa. Mgeni mara nyingi hana, kwa hiyo vunja noti ndogo za rupia 10, 20 na 50 mapema. Siku ya sikukuu hakuna mwenye chenji. Bei ya mashua hupatanwa kwa mashua nzima na kwa muda, kabla ya kupanda. Laini ya simu ya India inunuliwe uwanja wa ndege utakaoingilia.

Siku ya kuondoka, ikiwa sikukuu haijaisha, toka hotelini mapema kwa muda wa saa 4 zaidi, na usiweke ndege ya kimataifa siku hiyohiyo. Lala Delhi au Mumbai usiku mmoja. Maji ya Ganga ambayo kila shangazi atakuagiza hayaingii kwenye begi la mkononi. Nunua vyungu vidogo vya shaba vilivyozibwa kabisa, kila kimoja kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na nguo, viingie kwenye begi kubwa.